Safari ya Kwenda Kuangalia Baridi

Maman Claudine aliposikia kwamba Berthe anakwenda Kanada mwezi wa pili, aliuliza kwanza nani amekufa. Walikuwa wamesimama nje ya kanisa, pale Saint-Josse, mtaa wa Bruxelles, ibada imekwisha na watu wanaagana. Berthe akamjibu kwamba hakuna aliyekufa. Basi ni ndoa. Wala si ndoa. Au kuna mtoto amezaliwa? Hapana. Maman Claudine akauhamisha mkoba wake toka mkono huu kwenda mkono ule, akamtazama Berthe kama anavyotazamwa mgonjwa anayeshikilia kwamba haumwi.

"Sasa kule Québec uko na nani?"

"Siko na muntu. Tunaenda kuangalia tu."

"Kuangalia nini?"

"Baridi," akasema Berthe, na papo hapo akasikia jinsi jibu lenyewe linavyochekesha, akaangua kicheko peke yake.

Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka. Wengine walisema kuna ugonjwa wanauficha, wengine wakasema wamepata kazi kule na hawataki kusema. Kwamba mtu anaweza kuvuka bahari ili akaone barafu kisha arudi nyumbani, hilo halikumwingia mtu akilini.

Berthe hakuwalaumu. Alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee kule Etterbeek, mzaliwa wa Likasi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyefika Bruxelles akiwa bado bibi arusi. Tangu hapo hakuna likizo yake hata moja iliyokosa mwenyewe. Hii ilikuwa ya kilio Paris, ile ya ndoa Liège, nyingine ya Lubumbashi, ambako masanduku yalijaa vitu vya watu na nguo zake zikabanwa kwenye mfuko wa mkononi. Paris alikwenda mara nyingi, lakini ule mnara wao maarufu aliuona kwa mbali tu, kupitia dirisha la gari la shemeji yake, wakiwa wamechelewa mazishi.

Jambo hili lilianza mwezi wa kumi na moja, mwaka 2014. Alikuwa anatoka kazini, mvua ile nyepesi ya Bruxelles inamwingia shingoni, akasimama kwenye dirisha la duka moja la safari ili ajikinge. Ndani ya dirisha palikuwa na picha kubwa ya mji wa Québec, uliojengwa juu ya jabali. Mji ulikuwa na kuta za mawe na paa zilizolemewa na theluji, na chini yake mto mpana umejaa mapande ya barafu. Katikati ya barafu ile kilipita kivuko, kinajisukuma taratibu kama mama anayepenya sokoni na beseni kichwani. Abiria walisimama nje, wamejifunika mpaka puani, wanatazama. Berthe akayaangalia yale macho yao. Hakuna hata mmoja aliyeonekana ana haraka ya kufika. Basi lake likaja, likaondoka, yeye bado yupo pale.

Alidhani mumewe atakataa. Tshibangu alikuwa fundi wa kompyuta katika mojawapo ya yale majengo marefu ya Gare du Nord, mtu mpole, mtu wa kuvaa fulana mbili chini ya shati hata mwezi wa saba. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiitukana hali ya hewa ya Ubelgiji kila asubuhi kabla ya chai. Berthe alimweleza habari ya picha ile wakiwa mezani, akajiandaa kuchekwa. Tshibangu akatafuna, akameza, akafikiri.

"Hii ya Bruxelles haina baridi," akasema. "Ni maji tu, inakudanganya. Kama ni baridi, bon, twende tuone yenyewe."

Toka siku hiyo nyumba yao ikawa na furaha kama nyumba inayongojea harusi. Binti yao Shekinah, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu, aliweka kompyuta katikati ya meza na kuwaonyesha mji ule mtaa kwa mtaa. Ilikuwa safari fupi, siku tatu tu za kuzunguka, kwa hiyo kila kitu kilibidi kigombaniwe. Berthe alitaka kivuko, tena avuke kwenda na kurudi, na kama hawatamfukuza arudie. Alitaka pia maporomoko ya maji yaliyo nje kidogo ya mji, ambayo wakati wa baridi huganda pembeni, na ule mvuke wake ukaanguka chini na kujenga kilima cheupe. Tshibangu yeye aligundua mteremko wa barafu uliojengwa juu ya jabali, ambapo watu wazima hukaa juu ya kibao kirefu, mmoja nyuma ya mwingine, na kuachiliwa washuke kama jiwe. Aliiangalia video yake mara nyingi. Shekinah akamkumbusha habari ya mgongo wake. Tshibangu akasema mgongo ni wake na atakwenda nao.

Jambo moja lilimpendeza Berthe kupita yote: kule watu wanasema Kifaransa. Angeweza kusimama njiani, kumuuliza mtu njia, na kuongea naye habari za mto. Alianza hata kusikiliza redio yao wakati wa kupika, ili azoee ile lafudhi, na mara kwa mara alimwita Tshibangu jikoni amsikilizishe neno ambalo wote wawili hawakulielewa.

Ndipo yaya Mbombo akapiga simu.

Yaya, kwao, ni dada mkubwa: Mbombo alikuwa dada mkubwa wa Tshibangu, naye alikuwa Montréal kwa miaka kumi na mitano. Mama yao alipofariki, Tshibangu akiwa bado mdogo, ni yeye aliyemlea, akamvalisha, akamsomesha. Neno lake katika ukoo halikuwa na mlango wa nyuma. Habari ya safari ilikuwa imemfikia kwa njia ya watu wa Paris, na kwanza alilia. Aliuliza ni kosa gani alilofanya hata ndugu yake aingie Kanada na kwenda kulala hotelini kama yatima. Alipomaliza kulia akatoa mpango wake. Atawapokea uwanja wa ndege. Ijumaa watakula kwa watu wa Likasi, Jumamosi kuna maombi, Jumapili watasimamishwa mbele ya kanisa wasalimie. Québec ni mbali, akasema, na kule hakuna kitu. Mwisho akataja vitu vya kumletea: vitenge, na wale mafunza wakavu, viwavi wa kula, na majani ya mihogo kutoka Matonge, mtaa wa Waafrika pale Bruxelles.

Tshibangu alijibu ndiyo, yaya, ndiyo, yaya, kisha akaweka simu mezani, asimtazame mkewe. Berthe akainuka, akazima redio. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha na joto lote likatoka. Shekinah alitaka kusema neno, mama yake akamfanyia ishara anyamaze. Unasemaje hapana kwa mtu aliyekulelea mume?

Jumamosi iliyofuata walikuwa na miadi kwa Nday. Huyu alikuwa rafiki yao wa siku nyingi, anayeuza samaki wa barafu katika duka lake karibu na Gare du Nord, na nyuma ya duka alikuwa na chambre froide, chumba kikubwa cha baridi kilichojaa makatoni ya samaki hadi darini. Tshibangu ndiye aliyekuwa amemwomba: awaingize mle na makoti yao mapya, wajue kama yatafaa. Berthe alitaka kuahirisha, kwa sababu ya mafua au sababu yoyote. Lakini makoti yalikuwa yananing'inia pale mlangoni, makubwa, yana manyoya kwenye kofia, na akaona uchungu kuyaacha yasijaribiwe hata mara moja.

Nday aliwavisha kwa uzito wote, kama anavalisha maharusi. Akakagua zipu, akakagua glavu, akawaonyesha kitasa cha kufungulia kwa ndani. Akasema ndani ni nyuzi ishirini chini ya sifuri, akafunga mlango.

Kimya kikawa kimya kweli. Mitambo ilikuwa inavuma tu juu yao. Pumzi zao zilitoka nyeupe, nene, zikaenda kugonga makatoni. Berthe alisikia nywele za puani zinakauka na kusimama, akashika pua kwa mshangao. Aligeuka akamwona Tshibangu: kope zake zilikuwa zimeshikwa na unga mweupe, na uso wake, ule uso uliolalamika miaka yote, ulikuwa unang'aa kama wa mtoto wa shule siku ya kufunga.

"Berthe," akasema. "Ni kavu. Unasikia? Haina maji. Haiingie."

Wakacheka mpaka kifua kikawauma kwa ile hewa. Wakapiga miguu chini, wakazunguka makatoni, Tshibangu akakaa juu ya moja na kujifanya anateleza mteremko. Halafu kicheko kikaisha, na wakabaki wanatazamana. Berthe akaona kwamba asiposema hapo hatasema tena.

"Miaka yote niko naenda mahali juu ya bantu," akasema. "Kilio, ndoa, kilio. Sikatai, ni bantu yetu. Lakini hii mara moja, nilitaka kwenda juu ya mahali, sababu ya mahali yenyewe."

Tshibangu akavua glavu moja, akafuta kope.

"Na mi pia," akasema. "Nilikosa tu namna ya kumuambia yaya."

"Nitamuambia mi. Kwa heshima. We utakaa pembeni yangu."

Nday akagonga mlango kuuliza kama bado wazima.

Walimpigia Jumapili baada ya chakula, kule Montréal ikiwa bado asubuhi. Berthe aliuliza kwanza habari za magoti ya yaya, na za watoto, na za kanisa. Akamshukuru kwa mapokezi aliyoyapanga. Kisha, kabla ya kuingia katika neno lenyewe, akajikuta anauliza kitu ambacho hakukipanga, kwa sababu kilikuwa moyoni mwake tangu mwezi wa kumi na moja.

"Yaya, ule muto ya kule, wakati barafu inaingia, iko je?"

Kule upande wa pili yaya Mbombo aliweka kikombe mezani.

"Mi nitajua je?" akasema. "Natoka ku métro, naingia ku kazi. Natoka ku kazi, narudia ku métro. Wakati ya theluji sitokake. Naogopa kuanguka."

"Miaka quinze, yaya?"

"Miaka quinze."

Alilisema bila uchungu, lakini lilibaki hapo kati yao. Tshibangu aliinua kichwa. Berthe akavuta pumzi, akasema yote kwa mara moja: kwamba watapita kwake usiku mmoja wakati wa kurudi, watakula, watasalimia nani na nani, lakini zile siku tatu ni za Québec, na wanamwomba yeye, dada mkubwa, asiwapokee bali aende nao. Wakutane Montréal, wapande treni pamoja. Watamshika mkono huku na huku, hataanguka.

Yaya Mbombo alicheka kwa dharau. Akasema magoti. Akasema maombi ya Jumamosi. Akasema watu watamwonaje, mwanamke wa umri wake kwenda kutembea bure kwenye theluji. Akaaga bila kusema ndiyo wala hapana, na Berthe akaketi, hajui kama amevunja ukoo au amefanya vizuri.

Kesho yake simu ililia Berthe akiwa kazini, anasukuma toroli la dawa. Alikuwa yaya Mbombo. Alitaka kujua kama kile kivuko kina viti vya ndani.

Toka hapo hakuwapa nafasi ya kupumua. Alipiga simu asubuhi, alipiga simu mchana. Aliwaambia soksi ziwe za sufu, pamba haifai, wenzake kazini wamemfundisha. Alisikia kuna mbio za mitumbwi, watu wanapiga makasia kati ya barafu na wakikwama wanashuka na kuiburuta, na lazima waione. Kanisani alitangaza kwamba hatakuwepo, na mama wawili wakamwomba wafuatane naye. Aliwakatalia, akasema hii ni safari ya ndugu. Vitenge alivisahau. Mafunza hakuwasahau. Tshibangu alikuwa anamsikiliza kwenye kipaza sauti cha simu, anatikisa kichwa, anasema hajawahi kumsikia dada yake hivi tangu Likasi.

Siku mbili kabla ya kuondoka, masanduku yakiwa wazi kitandani na ndani yake nguo zao wenyewe tu, ukiacha kile kifurushi kimoja cha yaya, simu ikalia tena. Nyuma ya sauti ya yaya Mbombo palikuwa na upepo mkubwa.

"Nilishindwa kungojea," akasema. "Nimeshuka huku ku port, pembeni ya muto. Leo haina kazi. Nilitembea pole pole, nimeshika ukuta. Sijaanguka."

"Na muto, yaya?"

"Ngoja. Sikiliza."

Berthe akamwita Tshibangu, akamwita na Shekinah, wakaweka simu katikati ya kitanda na kuinama. Kwanza ulikuwa upepo tu. Halafu, chini ya upepo, wakasikia mkwaruzo mrefu na mzito, kama mlango wa mawe unafunguliwa taratibu, ukakoma, ukaanza tena.

"Ni barafu inatembea," yaya Mbombo akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Inatembea na inalia. Kuyeni, bandugu. Kuyeni mbio, muone."

Tshibangu akakaa juu ya sanduku lake na kulifunga.