Dansi ya Wafua Nguo

Binamu yangu Salud Barea alishangiliwa Paris, Tokyo na Buenos Aires kabla hajashangiliwa kwetu Jerez, Uhispania. Ugenini walimrushia maua. Nyumbani, katika mtaa wa Santiago ambako mtoto hujua kupiga makofi ya flamenko, muziki na dansi ya kwetu, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, walikuwa wakisema tu, "Ah, yule wa Wajapani," kisha wanaendelea na mvinyo wao.

Nayajua haya kwa sababu mimi, Perico, ndiye niliyekuwa nikimwimbia akicheza. Tuliondoka pamoja kwenda Madrid, yeye msichana mwembamba mwenye shingo ndefu, mimi na sauti yangu ya mikwaruzo. Alianzia kwenye kumbi za watalii, ambako mwenye ukumbi alitaka atabasamu na kurusha marinda. Alitabasamu kwa muda, akachoka. Akaingia kundi la mwalimu mmoja mwenye jina kubwa, akacheza vizuri kuliko wote. Siku alipoomba kutunga dansi yake mwenyewe, mwalimu alicheka akasema mwanamke kazi yake kucheza, kutunga ni kwa wanaume.

"Sawa," Salud akamjibu. "Basi tafuta mwanamume akuvalie gauni hili."

Akalivua, akaliacha kitini, akavaa koti juu ya shimizi, tukatoka. Tangu hapo aliunda kundi lake, na dunia ikamjua. Lakini kila tukipanda ndege kurudi Uhispania alikuwa akiniuliza, "Jerez wanasemaje?" Nami namdanganya.

Alipovuka miaka arobaini alirudi nyumbani na wazo. Alitaka kutunga dansi ya wafua nguo, na ionyeshwe kwanza katika ukumbi mkubwa wa Jerez. Mama yake, shangazi yangu Virtudes, alifua mashuka ya matajiri wa mvinyo maisha yake yote, yeye na majirani zake, kwenye makaro ya mawe ya ua wetu. Tulimkuta jikoni akimenya vitunguu saumu.

"Utacheza nini?" shangazi akauliza.

"Kufua, mama."

Kisu kikasimama. "Nimefua mpaka vidole vikapinda ili wewe usifue. Leo unataka kufua mbele ya watu, tena kwa tiketi?"

"Sifui, mama. Nacheza."

"Na wale wenye mashuka watakaa viti vya mbele, wacheke."

"Wakicheka, aibu yangu, si yako."

"Sitakuja."

"Usije."

Ndivyo wanavyopendana wale wawili.

Mtu wa kuogopwa zaidi alikuwa mjomba Eulogio, fundi mapipa mstaafu, mwenyekiti wa klabu ya flamenko. Hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini mtaani kwetu mzee wa heshima ni mjomba wa kila mtu. "Ole", neno tunalomtupia mchezaji aliyetugusa moyo, kwa mzee yule ilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Ukiipata, umepita. Usipoipata, rudi kwa Wajapani.

Siku moja baa nzima ya mtaani ilikuwa ikisikiliza aliponigeukia. "Nguo chafu hufuliwa nyumbani," alisema. "Huyu anazipeleka jukwaani! Mwambie binamu yako, Perico, asisahau sabuni."

"Njoo nayo wewe, mjomba," nikamwambia. "Hilo shati lako linaihitaji."

Watu wakacheka, yeye akavuta pua. Lakini alikuja. Mtaa mzima ulikuja, kama watu wanavyokwenda kutazama nyumba mpya ya jirani: kutafuta nyufa.

Pazia lilipofunguka hakukuwa na gitaa. Waliingia wanawake wa kundi letu na mashuka yaliyorowa mabegani, maji yakidondoka mbaoni. Wakaanza kuyapiga juu ya magogo. Pa! Kimya. Pa-pa! Polepole ukajengeka mdundo mzito wa huzuni ambao kila mtu pale alizaliwa nao. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeshangilia. Nikiwa kitini pangu pembeni mwa jukwaa niliwaona wote wamefunga mikono vifuani, na Eulogio safu ya pili, kidevu juu.

Ndipo Salud akaingia peke yake. Alichukua shuka moja, zito kwa maji, akalifunga kiunoni likaburuta nyuma yake kama mkia wa gauni la sherehe. Kuucheza mkia wa hariri ni kazi. Kuucheza wa shuka lililorowa ni kupigana na ng'ombe. Aliurusha kwa mguu, ukapaa, maji yakatawanyika kwenye taa kama chembe za kioo, ukaanguka kwa kishindo nyuma ya visigino vyake, mahali pake hasa. Sasa gitaa likaingia, nikaimba:

*Maji ya karo ni baridi,*
*mikono ya mama ni moto;*
*wenye shuka walilalia shuka,*
*sisi tulilalia ndoto.*

Salud akasimama. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Alisimama tu, kifua kikipanda na kushuka, akaitazama mikono yake kana kwamba si yake. Nami nikanyamaza, gitaa likanyamaza. Na katika kimya kile, kutoka safu ya pili, likatoka neno dogo, kama la mtu aliyekanyagwa kidole:

"Ole."

Ukumbi ukalipuka. Waliofunga mikono waliifungua ili wapige makofi. Tulipofika mwisho, kwenye mdundo wa haraka wa kufungia karamu, hapakuwa na aliyekaa. Wanawake wawili walishika shuka, wakaanza kulikamua kwa kuchezesha mabega. Mara sauti ikatoka roshani ya juu:

"Shuka halikamuliwi hivyo, mwanangu!"

Salud akakinga macho dhidi ya taa. "Nani huyo?"

"Nani! Aliyekuzaa!"

"Basi shuka, mama! Shuka uje ulikamue mwenyewe!"

Akashuka. Alikuwa amekaa kule na wafuaji wenzake wa zamani, wote na vitambaa vyao vyeusi kichwani, bila kumwambia mtu. Akashika ncha moja, Salud ncha nyingine, wakalisokota mpaka likatoa tone la mwisho. Kisha shangazi akaliachia, akainua mikono yake yenye vidole vilivyopinda, akazungusha nyonga mara moja tu, taratibu, kwa dharau tamu. Sijawahi kusikia kelele kama ile, na nimeimba kwingi.

Baadaye mjomba Eulogio aligonga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

"Nilikuja kukuzomea," alimwambia Salud. "Umeniharibia jioni yangu."

"Pole, mjomba."

"Usinipe pole. Kesho ipo?"

"Ipo."

"Niwekee kiti. Cha mbele."

Kwetu, msanii ambaye mtaa haujampa jina bado ni mgeni. Asubuhi tulipita sokoni, wauza samaki wakaanza kuita: "Dobi! Salud Dobi! Njoo uchukue dagaa wa bure!" Aligeuka kutazama anayeitwa. Alipoelewa, alinishika mkono akaubana mpaka ukauma, akicheka huku machozi yakimtoka, katikati ya makreti ya barafu.

Mwaka uliofuata mabango ya Paris yaliandikwa jina hilo kwa herufi kubwa, na Wafaransa wakauliza maana yake. Shangazi Virtudes, aliyekuwa amegoma kuachwa nyumbani, aliwaeleza mwenyewe kwa Kihispania cha Jerez, taratibu na kwa sauti ya juu, akiamini kwamba hivyo wataelewa.