Kitenge Kati ya Mukwe na Mimi

Kwetu mukwe na mama-mukwe hawakai chumba kimoja; ni heshima. Miaka sita Lukusa, bwana ya mutoto wangu Jessica, akiniona kwenye barabara ya Kapata alivuka upande wa pili, kichwa chini.

Kisha uvimbe ukamuanzia kwenye korodani, ukapanda tumboni na mapafuni. Munganga Ngoyi aliondoa korodani ile, akaagiza dawa kali za kansa, za kupitisha mushipani, mara nne, halafu kupasua tumbo. Mama ya Lukusa alikufa zamani. Jessica alikuwa amezaa siku tatu tu. Nikaenda mimi kumulinda opitali.

Muuguzi Darlène akanipa chupa yenye alama.

"Dawa moja inaweza kuharibu figo. Anywe mayi sana, na mukojo wote upimwe. Ukipungua, mutuite mbio."

"Mukojo ya mukwe wangu?"

"Mama, figo haijui mukwe."

Nikasali. Nikavua kitenge changu cha juu, nikakitundika kati ya kitanda na kiti yangu. Lukusa akawa anapitisha chupa chini ya kitenge, mi napima, naandika.

"Mama, nakufa na haya."

"Haya haijaua mutu. Kunywa."

Akanywa. Nywele zilianguka, alitapika mpaka machozi. Namusikia anapangusa kinywa, anaomba kikombe ingine. Nimezika bwana, nimeona banaume wengi wakiugua. Kama huyu, sijaona.

Siku ya tatu chupa ikarudi karibu tupu.

"Acha, Mama, nilale tu."

"Utalala mukojo ukitoka."

Nikakimbia kuita. Wakaongeza serumu, mayi ya mushipani, asubuhi mukojo ukarudi. Darlène akasoma karatasi yangu.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Darasa la sita."

Baada ya dawa ya mara ya nne kipimo cha damu kilikuwa safi, lakini picha ilionyesha uvimbe umebaki tumboni, karibu na mushipa mukubwa. "Hatujui kama umekufa ao uko muzima," Munganga Ngoyi akasema. "Tutoe wote." Alisimama masaa saba akiinamia tumbo ile. Mungu abariki mikono yake.

Siku kumi tulingojea majibu ya maabara. Munganga alikuja mwenyewe: kovu tupu, uvimbe wote ulikuwa umekufa. Nyuma ya kitenge Lukusa alilia kwa sauti. Mimi nililia upande wangu.

Juzi nimemuona kwenye barabara ya Kapata. Alivuka upande wa pili, kichwa chini, kama zamani. Ila alikuwa na chupa ya mayi mukononi. Akaiinua, akanywa yote.