Birika Lililoegemea

Kitendawili. Nakutegea wewe unayesoma, usigeuke kumtafuta mwingine. Kila nikisaidiwa, napungua. Mimi ni nani?

Mjukuu wangu alijibu upesi kuwa ni penseli, kwa kuwa huchongwa mpaka ikaisha. Nikamwambia amebisha hodi kwa jirani, nyumba yenyewe bado. Akataka kunipa mji nimfumbulie, nikaukataa. Wakati huo mikono yake ilikuwa ndani ya unga hadi viwikoni, nami, ajuza niliyeishia darasa la saba, nilikuwa nimekaa mezani jikoni kwangu na penseli yake mkononi, nachora birika.

Tulifikaje huko? Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea shahada ya uzamili ya ualimu wa sanaa. Kuchora anajua. Akikuchorea kuku utatafuta mtama umtupie. Lakini alipopelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, msimamizi wake, mama mmoja mnyoofu ambaye wanafunzi walimwita Mama Rula, alizikusanya picha za watoto arobaini waliochora ndoo, akazibandika ukutani. Ndoo zote zilikuwa na kivuli kimoja, kilaini, cha kitaalamu. Mama Rula akauliza kwa upole, "Umefundisha watoto arobaini, au umechora ndoo mara arobaini?"

 Mjukuu wangu akapewa somo moja la mwisho, mbele ya watahini, na wanafunzi watu wazima ambao hawajawahi kuchora. Akigusa karatasi ya mtu, basi, amefeli. Miaka miwili imekwenda na maji, na kazi aliyoiacha kwenye kiwanda cha uchapaji imeshapata mwenyewe.

"Nawaonea huruma, Bibi," aliniambia siku aliyokuja na macho mekundu. "Nikiona mstari umepotea, mkono unakwenda wenyewe."

Sikumgombeza. Mkono ule niliujua kabla mama yake hajazaliwa.

Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu alituambia tuchore kitu cha nyumbani, nikamchora mbuzi wetu, tumbo linakaribia kuburuta chini kwa sababu alikuwa na mimba. Mwalimu alikuwa mtu mwema, hakuwahi kumchapa mtoto. Alikuja nyuma yangu akinukia sabuni, akasema ngoja nikusaidie, akafuta. Akachora mbuzi ambaye alibakiza kulia tu. Akaandika jina langu chini yake, akamtundika karibu na mlango. Wenzangu wakanipigia makofi.

Siku ya wazazi mama yangu alisimama mbele ya picha ile muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha mbuzi wetu kila asubuhi. Akainama, akaniuliza karibu na sikio, "Hii umechora wewe?"

Nikatazama miguu yangu. Hakuuliza tena, wala nyumbani hakulitaja, mpaka tukamzika. Nami tangu siku ile sikushika penseli ila kuandika.

Basi nikamwambia mjukuu wangu, mke mwenza, huo mkono dawa yake ni kazi. Nikamwekea bakuli la unga na maji, nikamwambia akande huku akinifundisha, na chembe ya unga ikianguka kwenye karatasi yangu atafua mapazia yote. Nikaanza kuchora. Birika langu likaegemea upande kama mtu anayesikiliza umbea wa ukutani. Nikaona mikono inainuka kutoka bakulini, imevaa unga kama glavu. Ikasita. Ikarudi.

Siku ya kwanza alinipigia amri tu: kushoto, punguza, inua. Nikamuuliza kama anafundisha au anachunga punda. Siku ya tatu akaacha amri, akakanda, kisha akauliza birika likijaa maji nalishikaje. Nikaliinua lile la jikoni kweli, nikalirudisha. Mkono wangu ukakumbuka uzito kabla ya kichwa, na mshikio niliouchora ukawa mnene, wa kubeba kitu. Alicheka mpaka akakohoa. Kwa siku kumi tulioka mkate mwingi hivi kwamba majirani walikuwa wakituona na sahani, wanafunga mlango.

Siku ya mtihani mwanafunzi mmoja hakufika. Mjukuu wangu akaomba nikae mahali pake, akasema wazi kwamba mimi ni bibi yake. Mama Rula alinipima kwa macho, akasema nikae mbele kabisa. Tulikuwa watu saba, mlinzi wa geti miongoni mwetu, ameshika penseli kama rungu. Mezani palikuwa na birika la chuo lililobonyea ubavuni.

Nilianza vizuri, kisha mdomo wa birika ukanitoroka. Mjukuu wangu akafika pembeni yangu. Nikauona mkono wake wa kulia unaacha sketi, unakuja. Bakuli la unga halikuwapo. Vidole vikafika ukingoni mwa karatasi, vikasuguana, kama vinavyopukutisha unga, kisha vikaenda nyuma ya mgongo wake na vikabaki huko.

"Mwanga unaingilia wapi, Bibi?"

Nikamwonyesha dirisha.

"Na kivuli birika linakitupa wapi?"

 Nilichora.

Kengele ilipolia, Mama Rula alizitundika picha kwenye waya kwa vibanio vya nguo. Mabirika saba yasiyo na undugu hata wa kuoana. La mlinzi lilikuwa na mabega. Watahini wakapita polepole, wakimuuliza kila mmoja swali moja, nami nilikuwa mbali, sikulisikia. Mjukuu wangu alisimama dirishani, mikono bado nyuma.

Mama Rula akaishusha yangu. Birika limeegemea, mdomo umepinda kama wa mtu anayezuia kicheko, kivuli kinakimbilia pembeni. Akaishika mbele yangu.

"Hii umechora wewe?"

Miguu yangu ilikuwa pale chini, ndani ya viatu vya kuazima. Sikuitazama.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimechora mimi."