Sentimita Thelathini na Nane

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikiwaachia wengine walisimulie watalitia viungo. Kwa miezi mitatu niliiandikia ofisi ya maji kwamba maji ya chini ya ardhi mtaani kwetu yanapanda. Hayakuwa yanapanda. Yalikuwa yanashuka, na aliyekuwa akiyapima ni mimi.

Kazi yangu inataka mtu mwenye subira, na mimi subira nilinyimwa tangu tumboni. Nyuma ya karakana ya shemeji yangu kuna kisima kifupi cha kupimia: bomba la chuma la upana wa ngumi, limezama mita kumi na nne, mdomo wake umefungwa kwa kifuniko na kufuli. Hakuna anayechota humo. Kila Jumatatu asubuhi naipaka chaki tepu ya chuma, naiteremsha, naishikilia kwenye alama ndogo iliyochongwa kwa tupa mdomoni mwa bomba, kisha naivuta na kuangalia chaki imelowa mpaka wapi. Hesabu fupi, na najua maji yako mita ngapi chini ya ile alama. Vidole vyangu havikosi weupe, ndiyo maana mtaani wananiita Mama Chaki, ingawa sijawahi kufundisha hata chekechea.

Kila mwisho wa mwezi napima pia chumvi ya maji, kwa kimashine cha betri. Kwanza nachota na kumwaga maji yote yaliyolala ndani ya bomba, kopo baada ya kopo, mpaka yaje mapya, kwa sababu maji yaliyokaa kwenye chuma hayana habari ya kilicho ardhini. Mgongo unauma, lakini ndiyo kazi.

Mwaka huo kiwanda cha barafu kilicho mwisho wa barabara kilikuwa kinaomba kibali cha kuchimba kisima kirefu cha pili. Sharti la ofisi lilikuwa wazi: maji kwenye bomba langu yakishuka chini ya mita nane na robo, hakuna kibali. Mtaa wetu hauna bomba la majumbani. Una visima kumi na saba vya kuchimbwa kwa mkono, na kila kimoja kina familia tano au sita nyuma yake. Kiwanda kikivuta mara mbili, visima hivyo vitaingia chumvi halafu vitakauka, na hilo halihitaji msomi.

Kipimo changu cha mwisho kilisema mita saba na sentimita tisini na tano. Kabla sijaugua kilikuwa nane na kumi. Mkuu wa kitengo chetu alifurahi kama aliyeyapandisha yeye.

Nasema kabla sijaugua kwa sababu nililazwa wiki tatu, nikapasuliwa kidole tumbo. Niliporudi kazini, kuinama kwenye lile bomba kulinitoa machozi. Nikasema ni kidonda.

Jumanne moja nilipita kwa mama. Nilimkuta ameketi kando ya kisima chake, anaunga kamba ya ndoo.

"Mama, kamba ina nini?"

"Imekuwa fupi."

"Kamba haiwi fupi, mama."

"Basi kisima kimekuwa kirefu. Chagua wewe uliyesoma."

"Maji yamepanda," nikamwambia. "Nimepima jana. Tangu niugue yamepanda sentimita kumi na tano."

Mama aliacha fundo, akanitazama kwa huruma ile ambayo mzazi humpa mtoto aliyevaa shati nje ndani. "Yamepanda kwa nani?" akauliza. "Mimi nimeongeza shubiri nzima na ndoo bado inalala kwa shida. Halafu onja."

Nilionja. Yalikuwa na chumvi. Nilikuwa nakunywa chai nyumbani humo karibu kila siku, lakini mama anatia sukari ya kuzika chochote. Nikakumbuka kwamba hata kipimo changu cha chumvi kilikuwa kinapanda kila mwezi, na mimi nilikuwa nimejipa majibu: joto, betri, hiki na kile. Nilijionea haya nikiwa bado nimeshika kata.

Nilikwenda ofisini kuchukua faili la siku kisima changu cha kupimia kilipochimbwa, nione bomba lilikuwa na urefu gani. Lilisema: mdomo wa bomba, sentimita tisini na mbili juu ya sakafu ya zege. Nilirudi karakana, nikapiga magoti, nikapima. Hamsini na nne. Nikapima tena, na tena. Kidonda changu kilikuwa kimepona zamani. Bomba ndilo lililokuwa limepungua.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa kuchomelea. Nilimkuta amepandisha miwani kichwani, anapuliza chai.

"Shemeji, bomba langu limefanywa nini?"

Akatabasamu, kama aliyekuwa akisubiri shukrani kwa miezi. "Ulikuwa hospitali. Lori lilirudi nyuma likalikunja. Nikasema shemeji akiliona hivi atapandwa na presha na nyuzi zake za tumboni. Nikakata palipokunjika, nikasaga, nikarudisha kifuniko. Hukujua, eh?"

"Na alama?"

"Niliiona. Nikakuwekea nyingine upande uleule. Mimi silipui kazi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga, nikakosa nianze na lipi. Mtu asiye makini angesahau ile alama, na mimi ningeshtuka siku ya kwanza. Umakini wake ndio ulionimaliza. Nilimweleza: yeye amekishusha kichwa cha bomba, mimi naendelea kupima kutoka kichwani, kwa hiyo maji yanaonekana yako karibu zaidi. Ongeza kilichokatwa, na yako mita nane na sentimita thelathini na tatu. Kibali hakipo.

Kisha akaenda pembeni mwa benchi, akamwaga vijiti vya kuchomelea kutoka kwenye kipande cha bomba kilichobonyea upande mmoja. Alama ya zamani ilikuwa bado ipo. Tulipima upande uliobaki mzima: thelathini na nane.

"Ukikipeleka huko, wataniita mharibifu wa mali ya umma," akasema.

"Na mimi wataniita mzembe."

"Sasa?"

"Mficha uchi hazai, shemeji. Kesho wanatia saini. Vaa shati safi."

Chumba cha mikutano cha ofisi yetu kina meza ndefu, viti vya plastiki na feni inayozunguka ikijisikia. Mkuu alikuwepo, na meneja wa kiwanda, na kibali katikati kikisubiri kalamu. Nilikiweka kile kipande cha chuma juu ya kibali. Kutu ikamwagika kwenye karatasi.

"Mama Chaki, nini hiki?" Mkuu akauliza. "Takwimu tulishapokea."

"Takwimu ni zangu. Nimekuja kuzirudisha."

Nilieleza yote, lori, msumeno, alama, kidonda. Shemeji akasimama akasema, "Ni mimi niliyekata," akakaa. Sikuwahi kumpenda kama dakika ile.

Meneja hakukasirika. Watu wa aina yake hawakasiriki. "Kwa hiyo mpimaji anakiri hajui kupima," akasema taratibu. "Basi vipimo vyake vyote vya miaka sita ni bure."

"Vya miaka sita vilianzia hapa," nikasema, nikimwonyesha alama kwenye kipande. "Vya miezi mitatu vilianzia chini yake sentimita thelathini na nane. Jumlisha. Mtoto wa darasa la tatu anaweza, na wewe nakuamini."

Mkuu aliniita pembeni, karibu na dirisha, akashusha sauti. Alisema ninajulikana kwa bidii. Alisema hakuna haja ya kujichafulia jina, tutaandika kwamba tepu ilikuwa mbovu, kibali kiendelee, mwakani tutarekebisha hesabu kimyakimya, nami nitapendekezwa kwenda mafunzo.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," nikamwambia, na sikushusha sauti. "Tepu ni nzima. Mwakani mama yangu atakuwa anachota nini?"

"Ukiandika kwamba umekosea, sina budi kukusimamisha. Utaacha ufunguo wa kisima hapa."

Niliketi, nikaandika kwa mkono wangu kwamba kwa miezi mitatu nilipima bila kukagua urefu wa bomba, kwamba kosa ni langu, na kwamba maji yako chini ya kiwango. Nikatia saini, nikaweka ufunguo juu ya kutu. Kibali hakikutiwa saini siku ile. Kikaahirishwa mwezi mmoja, wakisubiri mpimaji mwingine, ambaye meneja alijitolea kumtafuta mwenyewe kwa moyo wake mwema.

Ilinichukua usiku mmoja kulia na asubuhi moja kufikiri. Walikuwa wamechukua ufunguo wa bomba moja. Mtaa una visima kumi na saba, na hakuna hata kimoja chenye kufuli.

Nilianzia kwa mama, nikaenda mlango kwa mlango. Shemeji alipita nyuma yangu akichonga alama kwenye ukingo wa kila kisima, na safari hii nilimwapisha asikate kitu. Nilifundisha watu kupaka chaki na kusoma. Jirani mmoja alisema kazi yenyewe ni rahisi hivi, kumbe miaka yote nilikuwa nalipwa kwa kuringa. Kila Jumatatu kila mwenye kisima alipima chake na kuandika kwenye daftari lake, mimi nikikagua.

Siku ya kikao cha pili chumba hakikutosha. Mpimaji mpya alikuwa na kompyuta na kipimo kimoja kizuri sana. Mkuu alitazama watu waliojaa mpaka mlangoni, kila mmoja na daftari.

"Nani aliwaruhusu kupima?" akauliza.

Mama yangu alikuwa mbele. Hakusimama, magoti yake hayapendi.

"Kisima alichimba marehemu mume wangu," akasema. "Ruhusa ya kukichungulia niombe kwa nani?"

Meneja aliangalia saa yake.

"Mita tisa na sentimita nne," mama akasema. "Wiki iliyopita zilikuwa tisa kasoro sentimita moja. Andika, baba. Nyuma yangu wapo kumi na sita, na hatuna haraka."

Mkuu alitafuta kalamu.