Seva ya Karakana ya Miwani

Karakana ya miwani ilikuwa na vyumba viwili. Kile cha nyuma mjomba alisagia lenzi, maji yakitiririka juu ya jiwe, na kile cha mbele mkewe alipokelea wateja. Kila chumba kilikuwa na kompyuta yake, na zote zilisoma vipimo vya macho kutoka seva moja, sanduku jeusi lililokaa juu ya kabati la fremu. Sanduku hilo lilikuwa jipya. La zamani lilikata roho juzijuzi.

Mpwa wao, fundi wa kompyuta, aliitwa asubuhi. Alipoingia tu alihisi hewa imechafuka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Muulize mkazamjomba wako amefanya nini," mjomba alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe. "Kwangu vipimo vinafunguka, kwake havifunguki. Kompyuta yake ndiyo kwanza tumeitoa kwenye boksi, na ameshaiharibu."

Kila mteja alipofika, mkazamjomba alikwenda chumba cha nyuma, akasoma kipimo kwenye kompyuta ya mumewe, kisha akarudi mbele akikinong'ona njia nzima asije akakisahau.

"Sijagusa kitu, mwanangu," alimwambia fundi kwa sauti ya chini. "Au nimegusa bila kujua? Hata mimi sijielewi tena."

Fundi aliketi, akafungua programu ya vipimo. Ikagoma, ikidai kwamba ukubwa wa sekta haukubaliki. Sekta alizijua: ni vile vipande vidogo ambavyo diski huvisoma na kuviandika, kimoja baada ya kingine. Lakini diski zilikuwa ndani ya seva. Kompyuta hii haikuzigusa kamwe. Kazi yake ilikuwa kuomba faili kupitia waya, basi. Sekta zinaihusu nini?

Alinakili faili la vipimo kwenye kompyuta yenyewe. Likafunguka bila taabu. Akajaribu tena lile la kwenye seva, likagoma. Akabadilisha waya. Likagoma vilevile.

Akaenda nyuma, akaiuliza seva kwa kutumia kompyuta ya mjomba: sekta zako zina ukubwa gani? Seva ikajibu baiti mia tano na kumi na mbili. Akarudi mbele, akauliza tena. Safari hii seva ikataja laki moja na ushei. Alidhani macho yanamdanganya. Akaenda nyuma tena, akakuta mia tano na kumi na mbili.

"Unatafuta nini na hizi nenda rudi zako?" mjomba aliuliza.

"Bado sijui. Nauliza swali moja, napata majibu mawili."

"Basi mmoja wao mwongo."

"Anayejibu ni yuleyule, mjomba."

Alisoma maelezo ya diski zenyewe. Yalisema elfu nne na tisini na sita. Jibu la tatu hilo. Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika tama. Mwishowe alimpigia simu jamaa aliyewauzia seva, akamsimulia yote.

"Umeuliza maswali mawili, si moja," jamaa alisema. "Kompyuta ya nyuma ni ya zamani, inalijua swali la zamani tu, na seva huijibu mia tano na kumi na mbili kwa mazoea. Ile mpya inauliza na la ziada: huko ndani hasa, vipande vina ukubwa gani? Hapo seva inataja ukubwa wa mafungu ambamo yenyewe huhifadhi mafaili. Ni makubwa mno, programu yenu inashtuka."

"Na ile elfu nne ya kwenye diski?"

"Hiyo, seva haimwambii mtu."

"Sasa ukweli ni upi?"

"Inategemea nani anauliza."

"Hilo si jibu."

"Najua. Lakini kwenye mipangilio kuna mahali pa kuiandikia cha kusema. Iandikie elfu nne na tisini na sita, programu itatulia."

Fundi akaandika, akaizima seva na kuiwasha. Vipimo vikafunguka. Mkazamjomba aliitazama skrini kwa mashaka, kama mtu aliyeletewa mzigo asiouagiza. Mjomba akatokea, mikono ikimchuruzika maji.

"Umeifanyaje?"

"Nimeiambia itaje namba nyingine."

"Ya kweli?"

"Ni ya diski. Ila kompyuta haizifikii diski, kwa hiyo kwake sijui ni kweli au ni adabu tu."

Mjomba akakunja uso. "Na huyu alikosea wapi?"

"Hakukosea. Kompyuta yake ni mpya kuliko yako, inauliza mengi."

Mjomba aliendelea kujifuta mikono hata baada ya kukauka. "Basi, mke wangu," alisema, "nilisema kwa haraka."

"Umesema tangu Jumatatu," mkewe akajibu. "Haraka gani hiyo?"

Mjomba akavuta kigoda, akakaa kando yake, na mteja aliyefuata alipoingia, ni yeye aliyesimama kumkaribisha.

Kabla ya kuondoka, fundi alipita nyuma akaiuliza seva mara ya mwisho kutoka kompyuta ya mjomba. Bado ilijibu mia tano na kumi na mbili, na vipimo vilifunguka vizuri tu. Alijaribu kutafuta la kumweleza mjomba iwapo angeuliza. Kisha akazima skrini, akachukua mkoba wake.