Zamzam Isiyozimuliwa

Bi Hajira aliporudi Umra, nusu ya Nyamisati tulihamia kwake. Nani akose? Tende zipo, na habari za nani alipotea kwenye tawafu zipo pia. Viatu vilijaa mlangoni utadhani mnada.

Tabu peke yake hakukaa. Mama yake kule kisiwani Kiongoroni alikuwa hoi kitandani, na boti ilikuwa inaondoka. Bi Hajira akaingia chumbani, akatoka na chupa iliyojaa nusu.

"Mnyweshe kwa bismillahi."

"Nusu tu? Makka hawakukutoa uchoyo?" nikamtania.

"Atazimua mwenyewe. Zamzam ikiongezwa maji, baraka haipungui."

Ndivyo tunavyofanya sote, ili majirani nao wapate. Tabu akaikumbatia chupa, akakimbilia botini.

Baada ya Alasiri ikafika zamu yetu. Bi Hajira akaleta dumu lenyewe sebuleni, akaanza kumimina vikombeni. Maji yaliteremka polepole, mazito kama shira. Tone likaanguka kwenye saruji, likachemka, likatoa povu.

"Mh! Zamzam gani hii inang'ata sakafu?" nikauliza.



Swalehe, mwanawe, fundi wa betri za sola, akachungulia mlangoni. "Mama, weka chini! Msinywe! Hiyo tindikali yangu!"

Kumbe dumu moja la zamzam lilikwisha juzi, naye akalichukua, kwa kuwa ni gumu na mfuniko wake hauvuji, akatia tindikali yake. Karatasi ya Makka hakuibandua. Akaliweka chumbani, kando ya lile lililobaki.

"Chupa ya Tabu," nikasema.

Vikombe vikarudi chini kimoja kimoja. Bi Hajira akakaa palepale sakafuni.

"Mgonjwa akinywa, mwanangu?"

"Itamchoma koo hadi tumbo." Swalehe akalifunga dumu. "Na Tabu asithubutu kuitia maji! Hii haijazimuliwa. Ukiimwagia maji juu yake inachemka papo hapo, inakurukia."

Sote tukamgeukia Bi Hajira, aliyemwambia azimue.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, na tena. Mara ya saba ikaita.

"Shoga! Ndiyo kwanza nimefika," Tabu akasema kwa furaha. "Mama nimemkalisha, majirani wamejaa."

"Usimpe! Tabu, usimpe, siyo zamzam!"

"Sikusikii vizuri. Sijampa bado, ndiyo naongeza maji. Mbona chupa inapata mo—"

Yowe lake likajaa sebule nzima. Swalehe akaninyang'anya simu.

"Mmwagieni maji! Mengi! Uso, macho, mikono, msiache kumwagia!"

Sauti ya mwanamke mwingine ikalia upande wa pili: "Maji ya kunywa ni ndoo moja tu! Tumpake asali?"

"Asali hapana! Chukueni ya mtoni, yenye chumvi, yoyote! Mpelekeni mtoni mwenyewe!"

"Nani ambebe? Sote ni wazee, na—"

Ikakata.

Swalehe akapiga tena. Haipatikani. Akawa tayari anashuka gatini, anaita mwenye boti, lakini maji yalikuwa yamekupwa, boti imekaa kwenye tope.