Meno Yasiyosema Uongo

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi, Mama Pacha alifungua dirisha, akafuta vumbi la plasta kwenye benchi lake na kuchemsha maji ya kulainishia nta. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na kazi yake ilisifiwa. Meno yake hayakuchubua fizi, hayakuchomoka mtu akicheka, na rangi yake ilikuwa ya meno ya binadamu, siyo ya kigae cha bafuni. Yalikuwa na kasoro moja tu: hayakuweza kusema uongo.

Wateja waliifahamu kasoro hiyo na kila mmoja akajipanga. Madalali wa nyumba walipeleka vinywa vyao kwa fundi wa benchi la ng'ambo, upande wa pili wa chumba. Wajane waliochoka kuficha mambo walikuja kwake. Karakana aliyoajiriwa ilitaja kasoro hiyo kwenye tangazo la mlangoni, chini ya saa za kazi, na maisha yakaendelea.

Kwenye benchi lililopakana na lake alikaa mwanamume ambaye kwa sababu hiyo aliitwa Jirani. Mama Pacha ndiye aliyemfundisha kazi, tangu alipokuwa hajui hata kukoroga plasta isitoe mapovu. Walikuwa chanda na pete. Chupa yao ya chai ilikuwa moja, na watoto wake pacha walimwita mjomba. Kila mwisho wa mwezi Jirani aliguna na kusema, "Dada, hiki tunachopewa ni dhihaka," na Mama Pacha akafarijika kwamba angalau wanadhihakiwa pamoja.

Basi Jirani akateleza ngazini, akapoteza meno manne ya mbele. Mama Pacha alimtengenezea mengine bure, kwa mapenzi. Wala Jirani hakukumbuka kuiogopa ile kasoro. Uongo aliokuwa nao alikuwa ameuzoea mno, akausahau kama mtu anavyosahau kwamba amevaa soksi.

Meno yalipokaa sawasawa, Mama Pacha alimwambia aseme chochote, asikie kama sauti inapita vizuri.

"Dada, mshahara wenyewe huu wetu," alianza Jirani, na meno yakamalizia, "mimi nakuzidi kwa theluthi nzima, tangu siku niliyoajiriwa."

Maneno yote yalitoka safi. Mama Pacha aliitikia kwa kichwa, ameridhika na kazi yake, kisha akakaa.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," yalisema meno. "Ila chai yako ni tamu, sikutaka kuiharibu."

Ilimuuma. Pesa ni pesa, lakini miaka yote hiyo mtu kuficha siri kama hiyo huku anakunywa chai yako, hilo lilimchoma mpaka ndani. Alipeleka malalamiko kwa bosi, na bosi akaitisha kikao. Mama Pacha alitaka jambo moja tu, alipwe sawa na mwanafunzi wake. Akamwomba Jirani arudie mbele ya bosi alichokisema. Jirani aliyatoa meno, akayasuuza, na kwa kinywa chenye pengo akaapa kwamba atasimama naye, liwalo na liwe. Mama Pacha akamwamini. Hakujiuliza kwa nini mtu atoe meno kwanza ndipo aape.

Walikaa chumba cha sampuli, vinywa vya plasta vikiwa vimepangwa rafuni hadi darini. Bosi alikuwa na meno yake mwenyewe, yote thelathini na mawili, kwa hiyo alisema alichotaka. Alisema tofauti ya mishahara ipo, hawezi kukana, ila watu wazima hutafuta chanzo kwanza. Mhasibu, mwanamke mwenye sauti ya upole, alisema chanzo ni wale pacha: mama yao alikaa nyumbani kuwalea, na soko halimsubiri mtu. Mshauri aliyeletwa kwa gari la kukodi alichora mistari ubaoni, akasema wanawake hawajui kudai. Mama Pacha akasema yeye amewahi kudai. Mshauri akasema basi huenda alidai sana, na mwanamke akidai sana huonekana mkorofi. Fundi wa benchi la ng'ambo alikumbusha kwamba magunia ya plasta hubebwa na wanaume. Magunia hayo huletwa na lori na kushushwa na makuli wake, lakini hakuna aliyetaka kumkatiza.

Ikafika zamu ya Jirani. Alisimama ameinamisha kichwa, midomo imebonyea, meno yakiwa ndani ya leso kwenye mfuko wa shati.

"Mimi naona," alisema kwa kithembe, "kila mtu hapa anapata jasho lake."

"Uongo," yalisema meno mfukoni. "Huyu mama ndiye aliyemfundisha Jirani. Kazi ni ile ile, na yake ni nzuri zaidi."

Mhasibu aliyaomba yaongeze sauti kidogo. Bosi akasema haina haja, meno si mwajiriwa. Mshauri alikubali kwamba yamesema kweli, ila ni kweli kuhusu tofauti, siyo kuhusu chanzo, na chanzo kinahitaji utafiti. Wakapitisha utafiti, wakanywa soda.

Jirani alimfuata mlangoni. "Dada, usinichukie. Nina watoto."

"Na mimi nina nini?"

Jirani akampa ile leso na vilivyomo, kwa kuwa alishaagiza meno mengine benchi la ng'ambo.

Mama Pacha aliyaweka ndani ya glasi ya maji, juu ya benchi. Yaliendelea kusema kweli humo humo majini, na mafundi wakayazoea kama redio. Siku moja, akinywa chai peke yake, aliyasogelea.

"Wenye elimu wanabishana bado. Niambieni nyinyi, chanzo ni nini?"

"Ile nyongeza ya mshahara uliyowahi kudai ilikuwa imeshapitishwa," yalisema meno. "Jirani akaja kutafuta kazi, akataka zaidi ya kilichokuwepo. Bosi akamkatia ya kwako, wewe ukaambiwa hakuna pesa."

"Alijua kwamba ni yangu?"

"Aliambiwa. Bosi alikuonyesha kwa kidole pale dirishani, akamwambia, 'Ni ya yule mama, ndiye atakayekufundisha kazi.'"

"Akasemaje?"

"Alisema asante."

Mama Pacha alilia kidogo, kisha akafunika glasi kwa kisahani, kwa sababu mteja alikuwa ameshakaa kitini, mdomo wazi. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia, ule ule. Utafiti bado unaendelea.